Duara, meza au uwanja: mkutano upi wa mazungumzo unaifaa jamii yako?

Anayetaka kuanzisha mikutano ya mazungumzo katika jamii yake huanza kwa kuuliza mtindo. Tukae kwa duara? Tupange meza? Tumwalike mtu atoe mada? Nikiulizwa hivyo, nami hurudisha swali: mtu akifika kwake usiku huo, ungependa awe amepata nini ambacho hakuwa nacho alipotoka? Mmoja hujibu, "Aone kwamba hapa na yeye ni mwenyeji." Mwingine, "Awe amefahamiana na watu." Wa tatu, "Awe na wazo ambalo hajawahi kulifikiria." Na wengi wanayataka yote matatu, jioni moja, kwa saa mbili. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na vingine nimeviongoza. Nimewaona watu wenye nia safi wakitoka wamechoka, wakiwa wameonja kila kitu na hawakushiba chochote.

Hayo matatu, yaani uenyeji, mafungamano na ubunifu, ni ndugu, lakini hawakui kwa malezi yaleyale. Ukiijua tofauti yao, kuchagua mtindo huwa kazi nyepesi, kwa hiyo nianze hapo.

Kuhusu uenyeji, mwaka 1995 wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary walichapisha makala ambayo bado inategemewa sana. Walieleza kwamba haja ya binadamu ya kuwa wa mahali fulani hutimizwa na mambo mawili yakienda sambamba: kukutana mara kwa mara kwa wema, na kukutana huko kuwe na watu walewale ambao unajua watakujali kesho na keshokutwa. Jambo moja likikosekana, jingine halitoshi. Ndiyo maana mtu anaweza kuhudhuria makongamano 10 kwa mwaka, akapeana mikono na mamia, na bado akarudi nyumbani mpweke. Kamisheni ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Watu hao hawahitaji tukio kubwa lenye picha nzuri. Wanahitaji Jumanne ijayo, na Jumanne inayofuata.

Mafungamano yanataka kinyume chake kidogo. Mark Granovetter, mwanasosholojia, alionyesha mwaka 1973 kwamba mtu unayemfahamu juujuu anaweza kukufaa kuliko rafiki wa chanda na pete, kwa sababu yeye anaishi katika mzunguko mwingine wa watu na anasikia habari ambazo hazifiki kwenu. Rafiki zako wa karibu wanajua unachokijua. Kwa hiyo penye haja ya mafungamano, watu wachanganywe, tena wachanganywe na wasiofanana nao.

Ubunifu ndio unaoeleweka vibaya kuliko vyote. Tunaamini kwamba ukiwakusanya watu na kuwaambia watupe mawazo, mawazo yatamiminika. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne waliofikiri kwa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wa pili yakakusanywa. Waliofikiri peke yao walipata mawazo karibu mara mbili. Utafiti wa Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wa 1987 ulitaja chanzo kikuu: mtu mmoja akizungumza, wengine wanangoja zamu, na katika kungoja wazo linapotea au linajihukumu lenyewe kabla ya kutamkwa. Mkutano wa ubunifu usio na dakika za ukimya umejinyima nusu ya mavuno yake.

Sasa mitindo yenyewe.

Duara la zamu

Hili ndilo la kale kuliko yote. Jamii nyingi zimekaa kwa duara na kupokezana kitu cha kushika wakati wa kusema, zikiwamo jamii za wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Katika miaka ya 1990 Christina Baldwin na Ann Linnea walilipangia duara utaratibu unaofundishika, na wengi wanaoliongoza leo wamepitia kwao wajue wasijue. Kuna kitu katikati ili macho yapate pa kutua. Kuna kijiti, au jiwe, au chochote kinachoenea kiganjani: anayekishika anasema, wasiokishika wanasikiliza, na anayekipokea anaruhusiwa kukipitisha bila kusema neno. Kuna pia mlinzi, mtu aliyechaguliwa kuangalia hali ya kikao. Akiona mambo yanakwenda kasi au yanauma, anagonga kengele ndogo, wote wananyamaza kidogo, anagonga tena, halafu anasema kwa nini aliwasimamisha.

Kengele hiyo niliidharau mwanzoni. Siku moja mshiriki alikuwa akisimulia habari ya kuhama kwao, na jirani yake akaanza kumshauri papo hapo, kwa upendo kabisa. Mlinzi akagonga. Katika ukimya ule msimulizi alifuta machozi, na kengele ya pili ilipolia akaendelea na sehemu ya hadithi ambayo, kwa maneno yake, hakuwa amepanga kuisema. Ushauri ungeifunga.

Lakini duara lina hesabu yake, na hesabu haina huruma. Watu 10 wakipewa dakika 3 kila mmoja, mzunguko mmoja ni nusu saa. Mizunguko miwili ni saa nzima, na kila mtu amesema dakika 6 na kusikiliza 54. Uwiano huo ndio dawa. Waweke watu 25 katika duara hilohilo, mzunguko mmoja unakula saa 1 na dakika 15, na kufikia mtu wa 18 hakuna anayesikiliza tena. Kila aliyebaki anafanya mazoezi ya maneno yake kimoyomoyo. Mimi husimama kwenye 12. Wakizidi, nagawa maduara mawili.

Udhaifu wake mwingine ni kwamba linapendeza mno kwa waliomo. Duara lililokaa miezi sita pamoja huwa na vicheko vyake, majina yake ya utani na visa vyake vya kukumbushana, na mgeni anayeingia anahisi amefungua mlango wa nyumba ya watu. Hapa nawakumbusha waendeshaji methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye kikao chake cha tatu, mpe kengele. Mpe kazi ya kufungua kikao, au ya kutunza muda. Nimeona watu ambao hotuba tatu za kuwakaribisha hazikuwafanya wenyeji, wakawa wenyeji kwa kukabidhiwa funguo za chumba.

Meza za kuzunguka

Mtindo huu unajulikana kwa jina World Café, na ulizaliwa kwa sababu ya mvua. Januari 1995, Juanita Brown na David Isaacs walikuwa na wageni wapatao dazeni mbili nyumbani kwao Mill Valley, California. Hali ya hewa ilipoharibu mpango wao, waliwapangia wageni meza ndogo ndani, wakatandika karatasi juu yake, na watu wakaanza kuzungumza na kuchora. Kisha mtu mmoja akapendekeza wahame: kila meza ibaki na mwenyeji mmoja, wengine watawanyike waende meza nyingine wakibeba walichosikia.

Mpaka leo mpango ni huohuo. Watu wanne au watano kwa meza, dakika 20 kwa raundi, raundi tatu kwa kawaida, karatasi mezani na kalamu rashasha za kutosha. Mwisho wake ni mavuno: kila meza inatoa jambo lililojitokeza, na linaandikwa kwenye bango kitita mbele ya wote.

Idadi ya watu wanne ina sababu. Mwaka 1995 huohuo Robin Dunbar na wenzake walichunguza makundi ya watu waliokuwa wakizungumza tu bila kupangiwa, wakakuta kwamba mazungumzo ya pamoja hufikia ukomo wake kwenye takriban watu wanne. Akiongezeka wa tano au wa sita, kundi linaanza kupasuka kuwa mawili. Ukipanga meza za watu wanane kwa kuokoa nafasi, usishangae zikiwa na mazungumzo mawili na wasikilizaji watatu waliokwama katikati.

Hesabu ya meza ni hii: watu wanne kwa dakika 20 ni dakika 5 kwa kila mmoja, raundi tatu ni dakika 15. Kwa kusema, ni zaidi ya mara mbili ya kile alichopata mtu wa duara. Na kama wamechanganyika vizuri, kila mtu amekaa uso kwa uso na watu 9 wapya. Linganisha na mkutano wa watu 40, kipaza sauti kimoja, saa mbili: kwa haki kila mtu angepata dakika 3, lakini sote tunajua kwamba watu saba watachukua zote.

Kinachokosekana hapa ni kina. Dakika 20 zinatosha kufungua jambo, hazitoshi kulibeba. Usiulize kwenye meza hizi swali linaloweza kumtoa mtu machozi, kwa sababu muda ukiisha atalazimika kuhamia meza nyingine nayo machozi yake.

Uwanja huru

Mwaka 1983 Harrison Owen aliandaa kongamano la kimataifa la watu 250, kazi iliyomchukua mwaka mzima. Lilipokwisha, washiriki walikiri kwamba sehemu iliyowafaa zaidi ilikuwa mapumziko ya kahawa, yaani sehemu ambayo yeye hakuiandaa. Wengine wangekasirika. Yeye alitafuta namna ya kutengeneza mkutano ambao wote ni mapumziko ya kahawa, na mwaka 1985 akaufanya. Unaitwa Open Space.

Hakuna ratiba mnapofika. Kuna ukuta mtupu na dhamira moja. Mwenye jambo linalomkereketa anasimama katikati, analitaja, analiandika kwenye karatasi, anaibandika ukutani pamoja na saa na kona ya kukutania. Kwa muda mfupi ukuta umejaa. Baada ya hapo kuna sheria moja tu, sheria ya miguu miwili: ukijikuta mahali ambapo hujifunzi na huchangii, inuka uende kwingine. Owen aliwapa hadhi hata wazururaji. Wanaoruka kutoka kundi hadi kundi aliwaita nyuki, kwa kuwa wanabeba chavua ya mawazo. Wanaokaa pembeni bila kundi aliwaita vipepeo, na mara nyingi mazungumzo mazuri huzuka palepale walipo.

Kwa ubunifu, sijaona mtindo unaoushinda huu, kwa sharti moja: watu waje na jambo linalowawasha. Penye moto, uwanja huru unauwasha zaidi. Pasipo moto, ukuta unabaki mtupu, na dakika za kuutazama ukuta mtupu mbele ya watu 30 ni ndefu. Niliwahi kuzipitia. Kundi halikuwa linajuana, mada ilikuwa imechaguliwa na waliotutuma, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kusimama. Kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimewapa uhuru kabla hawajawa na sababu ya kuutumia.

Mingine mitatu, kwa kifupi

Mjadala wa kifalsafa wa wazi ulipata umaarufu Paris mwaka 1992, pale Marc Sautet alipoanza kukutana na watu katika Café des Phares, uwanja wa Bastille, Jumapili asubuhi. Mada inachaguliwa papo hapo na waliohudhuria. Ni mzuri kwa wanaopenda kuchongana akili. Kwa anayetafuta mahali pa kuegemea haufai, na waandaaji wawaambie watu hivyo mapema.

Mazungumzo ya namna ya David Bohm, mwanafizikia, hayana mada wala kiongozi wa kudumu: watu 20 hadi 40 wanakaa na kuchunguza jinsi fikra zao zinavyojengeka, kila mmoja akijaribu kuzitundika dhana zake hewani bila kuzitetea wala kuzitupa. Ni kazi ya miezi. Vikao vya kwanza huwaudhi watu, na wengi hukimbia kabla hawajaonja utamu. Nausifu, lakini sianzi nao.

Duara la kusoma lina sifa ambayo mengine hayana: lina kitu cha tatu cha kuzungumzia, yaani kitabu au somo, hivyo mwenye haya hana haja ya kujizungumzia yeye. Uswidi imelilea tangu 1902, Oscar Olsson alipoanzisha la kwanza mjini Lund, watu wachache wakisoma pamoja bila mwalimu. Mpaka leo ni nguzo ya elimu ya watu wazima nchini humo. Kama jamii yako ni ya watu wasiopenda kufunua mambo yao, anzia hapa, na uenyeji utaingia kwa mlango wa nyuma.

Mitindo mitatu ana kwa ana

Mtu mkimya. Duara linamhakikishia zamu, na pia linampa haki ya kuipitisha. Meza inamsaidia kwa udogo wake, ila inategemea bahati: akikaa na mzungumzaji hodari, raundi nzima imekwenda. Uwanja huru unaweza kumsahau kabisa, ingawa kama kipepeo anaweza kukutana na kipepeo mwenzake, wakasemezana mambo makubwa kuliko yaliyosemwa ukumbini.

Mtu asiyenyamaza. Meza ndiyo dhaifu hapa. Kwenye duara kijiti kinamdhibiti bila mtu kumvunjia heshima. Kwenye uwanja wasikilizaji wanamdhibiti kwa miguu yao, jambo linalouma lakini linafundisha.

Palipo na ugomvi. Chagua duara, pasipo shaka yoyote. Meza zinautawanya ugomvi kama cheche, na uwanja unawaruhusu mahasimu kukimbiana. Lakini kama watu wameumizana kwa kweli, hata duara halitoshi bila mtu aliyesomea usuluhishi.

Maandalizi. Duara linahitaji viti na saa moja ya kufikiri. Meza zinahitaji vifaa, wenyeji wa meza waliofundwa, na maswali yaliyopikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Uwanja unaonekana rahisi, na siku yenyewe kweli mwendeshaji anakaa pembeni, lakini kazi yake imefanyika wiki kadhaa kabla, katika mwaliko. Mwaliko mbovu, uwanja mtupu.

Kinachobaki. Baada ya uwanja huru kuna orodha ya mambo na majina ya walioahidi kuyafanya. Baada ya meza kuna karatasi zilizojaa michoro, ambazo zikikaa kabatini zimekufa. Mtu mmoja apewe siku tatu za kuzisoma na kuwarudishia watu alichokiona. Baada ya duara hakuna karatasi. Kuna mtu anayejua kwamba mama yako alikuwa mgonjwa, na atakuuliza hali yake wiki ijayo.

Ningechagua hivi

Kundi jipya, watu wasiojuana, na nia ni uenyeji: duara la watu 8 hadi 12, vikao sita, siku ileile ya wiki, saa ileile. Tangazeni idadi ya vikao tangu mwanzo, maana mtu anajifunga kirahisi kwa kitu chenye mwisho. Kikao cha kwanza anzeni kwa jozi. Arthur Aron na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba wageni wawili wakiulizana maswali yanayozama taratibu kwa dakika 45, ukaribu wao huzidi wa wale waliopiga soga tu. Chukueni robo saa ya hiyo, mtaona.

Jamii iliyogawanyika kwa mitaa, rika au kazi, watu 30 na kuendelea, wanaopishana kila siku bila kusalimiana: meza za kuzunguka, mara nne kwa mwaka. Wenyeji wa meza watoke kila upande.

Kundi linalojuana tayari na lenye jambo linalolichoma: uwanja huru, siku nzima ikiwezekana. Kama mna jioni moja tu, tumieni utaratibu wa Henri Lipmanowicz na Keith McCandless: dakika 1 kila mtu anaandika peke yake, dakika 2 wawiliwawili, dakika 4 wannewanne, dakika 5 wote. Dakika 12, na ule ukimya ambao utafiti wa Yale ungetaka upo ndani yake.

Na kama unataka yote matatu, yapange kwa msimu. Vikao sita vya duara, kisha siku ya meza inayowakutanisha maduara mbalimbali, kisha uwanja huru kwa wale ambao sasa wana sababu ya kusimama mbele ya ukuta. Kinyume chake, yaani kuanza na uwanja mkubwa wa kishindo ili kuwavuta watu, nimekiona mara nyingi na sikipendekezi. Watu wanakuja, wanafurahi, wanaondoka, na hakuna Jumanne inayofuata.

Limebaki swali la usiku wa kwanza, ambalo lina uzito kuliko mpangilio wa viti. Usiulize, "Uenyeji maana yake nini kwako?" Utapata insha. Uliza, "Ni wapi uliwahi kukaa ukasahau kwamba wewe ni mgeni, na nani alifanya nini hata ukasahau?" Kwa meza za mafungamano: "Unajua kufanya nini ambacho watu wa hapa hawajui kwamba unakijua?" Kwa ubunifu, uliza hili, kisha uwape dakika za kuandika kabla hawajasema: "Kama tungeruhusiwa kuharibu kitu kimoja cha namna tunavyoishi hapa na kukijenga upya, tungeanza na kipi?"

Ukishauliza, mkabidhi kijiti aliye kushotoni kwako na uhesabu polepole hadi 10. Usimsaidie. Anatafuta pa kuanzia.